Unataka kujua miamba ya eneo lako Dodoma? Anzia kwenye shiti ya ramani, makala za majarida zije baadaye

Wadau, hii nawaandikia nyie mnaosoma jiolojia pale UDOM na Chuo cha Madini, wachimbaji wadogo wa Winza na Haneti, mafundi wa visima, na yeyote aliyepewa kazi ya kuandika ripoti ya eneo fulani hapa kanda ya kati halafu hajui aanzie wapi. Wengi wakipewa kazi kama hiyo wanaingia Google wanaandika "geology of Dodoma pdf", wanadaunlodi vitu vya juu juu vilivyotokea, wanakopi aya mbili tatu basi kazi imeisha. Ripoti inajaa maneno makubwa, sijui Akiani, kreitoni, metamofiki, lakini ukimuuliza mwenyewe mwamba uliopo nyuma ya shule ya kijiji anachokiandikia ni upi hana jibu, wakati jibu lilishaandikwa tangu enzi za mkoloni na liko hapa hapa mjini kwenye karatasi.

Kabla sijaingia kwenye namna ya kutafuta naomba mshike kitu kimoja maana kila kitu huko chini kinategemea hiki. Andiko lolote la jiolojia lina vitu viwili ndani yake. Kuna kile mtu alichokiona kwa macho yake porini, yaani mwamba gani, uko wapi, umelalia upande gani, una madini gani, na kuna kile alichofikiri kinamaanisha. Alichokiona kinadumu sana, granaiti iliyopimwa 1935 bado iko pale pale na bado ni granaiti. Alichofikiri kinabadilika kila kizazi. Kwa hiyo andiko la zamani usilidharau na andiko jipya usilimeze zima zima, kote unatafuta kwanza aliona nini na wapi.

Haya, tuanze kazi.

Kitu cha kwanza jua shiti yako. Tanzania imegawanywa kwenye shiti za nusu digrii kwa nusu digrii, watu wa fani wanaziita QDS (quarter degree sheet), ziko 322 nchi nzima, na ramani za jiolojia zimechapishwa kufuata hizo shiti, za zamani kwa skeli ya 1:125,000 na za baadaye 1:100,000. Ndani ya kila QDS kuna shiti nne za ramani ya kawaida ya 1:50,000, zile zenye mito na vilima na njia. Kujua uko kwenye shiti gani ni hesabu rahisi tu, fungua simu angalia latitudo na longitudo. Dodoma mjini ni kama 6.17 kusini na 35.74 mashariki, maana yake uko kwenye shiti inayoanzia digrii 6 mpaka 6 na nusu kusini, na 35 na nusu mpaka 36 mashariki. Mpwapwa mjini iko 36 na dakika 29 hivi mashariki, yaani imebakiza dakika moja tu iingie shiti ya pili, kwa hiyo mtu wa Mpwapwa akichukua shiti moja akafikiri amemaliza atakuwa na ramani ya upande wa magharibi wa mji na upande wa mashariki hana kitu. Ukiwa karibu na ukingo chukua shiti mbili, ukiwa kwenye kona chukua nne, wala usibane hapo.

Kuna mitego miwili ya koordineti ambayo inawaumiza watu sana hapa kwetu. Mmoja ni zoni za UTM, ule mfumo wa koordineti za mita. Mstari wa digrii 36 unapita mashariki ya Dodoma mjini, upande wa magharibi ni zoni 36 na mashariki ni zoni 37, kwa hiyo Dodoma mjini na Bahi ziko zoni 36 halafu Kongwa na Mpwapwa ziko zoni 37. Namba za zoni moja ukiziweka kwenye nyingine uhakika wa kupotea ni asilimia mia. Mtego wa pili ni datamu, yaani msingi ambao koordineti za ramani zinapimwa kutokea. Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa Arc 1960 na simu yako inasoma WGS84, tofauti yake ardhini ni kama mita 300. Mita 300 kwa mtu anayetafuta mshipa wa kwazi wenye upana wa mita moja ni mbali mno, ndo maana unakuta mtu analalamika ramani ya zamani ni ya uongo kumbe hajabadilisha datamu.

Ukishajua shiti nenda GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Hapa watu wa Dodoma tuna bahati ambayo wengi hawaijui, maana mtu wa Mbeya au Mtwara akitaka hizo karatasi inabidi apande basi aje kwetu. Idara ya jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa 1925 na makao yake yakawa Dodoma, na kumbukumbu zake za karibu miaka mia ndo hizo zilizopo kwenye taasisi hii. Ukifika ingia kwa adabu, salimia, sema unatoka wapi, kama ni mwanafunzi beba barua ya utambulisho ya chuo, halafu usiseme "naomba habari za jiolojia ya Dodoma" maana hilo ni swali la siku nzima. Sema "naomba shiti ya jiolojia inayofunika eneo hili", onyesha koordineti zako, na uliza vitu vitatu vingine. Uliza kama shiti hiyo ina kitabu cha maelezo kinachoenda nayo. Uliza kama kuna ripoti za ndani zilizowahi kuandikwa kwenye eneo hilo. Uliza kama kuna ripoti za utafutaji za leseni za zamani ambazo sasa zinaruhusiwa kusomwa. Watu wa maktaba wanazijua hizi karatasi kuliko kompyuta yoyote, ukiwaeleza vizuri unachotafuta watakutolea na ambacho hukujua kipo.

Angalizo kuhusu namba. Kabla ya hizi QDS kulikuwa na mgawanyo mwingine wa shiti za digrii nzima, na namba zake ni tofauti kabisa. Maelezo ya shiti ya Dodoma yaliyoandikwa na Wade na Oates mwaka 1938 yanahusu shiti ya digrii namba 52, sasa ukienda na hiyo 52 ukaitafuta kwenye orodha ya QDS utapewa sehemu nyingine kabisa ya nchi. Ukikutana na namba ya shiti kwenye andiko la kabla ya vita kuu ya pili usiiamini mpaka umeangalia koordineti za pembeni.

Shiti ikishakuwa mezani usikimbilie rangi. Kila mtu anaangalia rangi kwanza, pinki granaiti, kijani miamba ya kijani, anapiga picha anaondoka. Anza na pembeni. Soma nani alipima na miaka gani, maana mwaka wa kuchapisha na mwaka wa kupima vinaweza kuachana sana. Soma ufunguo wa alama wote hata kama unaona unazijua. Halafu sasa ingia ndani uangalie mistari ya mipaka, na hapa ndo penyewe. Mpaka uliochorwa kwa mstari usiokatika maana yake mpimaji aliuona au ana uhakika nao, mpaka wa mstari uliokatika katika maana yake amekisia, labda kwa sababu ya udongo mwekundu na vichaka vya huku kwetu ambavyo vinafunika kila kitu. Angalia pia vile vialama vidogo vya mlalo, kamstari kenye kijimkia na namba pembeni, kila kimoja ni mahali mtu alisimama kwa miguu yake akaweka kampasi juu ya mwamba. Chukua penseli na karatasi ya kupitishia mwanga, nakili vialama hivyo peke yake bila rangi. Utashangaa, sehemu moja vimejaa kama mchele uliomwagika na sehemu nyingine kilomita kumi hakuna hata kimoja ila rangi imepakwa vile vile vizuri. Hapo tayari unajua wapi ramani imesimama kwenye ushahidi na wapi imesimama kwenye makisio, na kama eneo lako liko kwenye makisio basi kazi yako ya porini ina thamani kubwa, lipe siku nyingi zaidi.

Baada ya shiti tafuta picha kubwa. Kwa nchi yetu muhtasari wa zamani unaoheshimika ni Memoir namba 1 ya idara ya jiolojia ya Tanganyika, Quennell, McKinlay na Aitken, 1956. Humo ndo unakuta mpangilio wa majina ya makundi ya miamba ambao makala nyingi mpaka leo zinaurejelea, Dodoman, Nyanzian, Kavirondian, Usagaran, Ubendian, Bukoban, Karroo. Kwa kitu cha karibu zaidi kuna vitabu vya Thomas Schlüter, kile cha jiolojia ya Afrika Mashariki cha 1997 na ile atlasi ya jiolojia ya Afrika yenye toleo la 2006 na la 2008, kila nchi ina sura yake na ramani yake. Sura ya Tanzania ni fupi lakini inakupa ramani ya kichwani, yaani sisi wa Dodoma na Singida tumekaa juu ya kreitoni ya Tanzania, yaani kipande cha kale na kigumu cha gamba la dunia, miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, halafu ukienda Mpwapwa na Kongwa unaingia kwenye mkanda wa Usagaran wa kama bilioni 2, na mashariki zaidi unakutana na mkanda wa Msumbiji ambao ulipikwa upya miaka kama milioni 550 mpaka 650 iliyopita. Ukiwa na hiyo kichwani makala haziwezi kukuyumbisha.

Sasa majarida. Google Scholar ni mahali pazuri pa kuanzia na ni bure, tatizo ni kwamba watu wanatafuta kwa maneno mapana. Tafuta kwa majina ya mahali, na uyaandike kwa kila namna yalivyowahi kuandikwa. Makutupora wengine wanaandika Makutapora. Karoo ya siku hizi zamani ilikuwa na r mbili. Kabla ya 1964 weka Tanganyika badala ya Tanzania, na kabla ya vita kuu ya kwanza weka Deutsch-Ostafrika, maana Wajerumani walizunguka sana nchi hii na kitabu kikubwa cha Bornhardt kuhusu sura ya nchi na jiolojia ya koloni lao kilitoka Berlin mwaka 1900, Kijerumani chake siku hizi simu inakutafsiria ya kutosha kuelewa anaongelea mwamba gani. Pia tafuta kwa majina ya milima, mito na mipasuko. Ukiandika Hombolo, Bubu au Fufu pamoja na neno "fault" zinakuja makala za mipasuko hai ya Dodoma ambazo ukiandika "geology of Dodoma" huzioni kabisa kwenye ukurasa wa kwanza.

Ukipata makala moja nzuri usitafute tena kwa maneno, ifuate hiyo hiyo mbele na nyuma. Nyuma ni orodha ya marejeo mwishoni, hapo ndo unakutana na zile ripoti za GST kwa namba zake, unaziandika unarudi maktaba kuziomba. Mbele ni ile sehemu ya kwenye Google Scholar inayoonyesha nani wengine wameirejelea, hapo unapata za miaka ya karibuni. Ukifanya hivyo kwa makala moja tu ya eneo lako baada ya muda unaona majina yale yale yanajirudia, hapo jua umekaribia kumaliza.

Kuhusu kulipia, najua makala nyingi zinaomba dola 30, 40, na mwanafunzi wa kwetu hana. Usilipe kabla ya kujaribu njia hizi. Jarida la sayansi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tanzania Journal of Science, liko wazi kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na lina makala nyingi za jiolojia yetu zilizoandikwa na watu wetu. Kuna Research4Life, mpango ambao vyuo na taasisi za nchi kama yetu zinasoma maelfu ya majarida bila kulipa, nenda kwa mkutubi wa chuo chako muulize nenosiri la kuingilia, wanafunzi wengi wanahitimu hawajawahi hata kulisikia. Kuna kiendelezi cha brauza kinaitwa Unpaywall, kinakuambia kama makala hiyo hiyo ipo mahali pengine bure kihalali. Na kama zote zimegoma mwandikie mwandishi imeili fupi ya heshima, sema wewe ni nani, unafanya kazi gani na eneo gani, anwani yake ipo kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Watafiti wengi wanafurahi sana kuona mtu wa eneo lenyewe anataka kusoma kazi yao, wanatuma pdf na wakati mwingine na data juu yake.

Ngoja nichukue makala moja tuisome pamoja ili muone ninachosema. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha kazi ya Taylor na wenzake kuhusu maji ya chini ya ardhi ya Makutupora, pale kaskazini ya mji ambapo visima vinalisha Dodoma. Mtu wa visima akiisikia atasema hiyo ni ya tabianchi hainihusu. Sasa angalia walichokuwa nacho mkononi, rekodi ya kina cha maji kisimani ya miaka 55, kitu adimu sana kwa ukanda huu, na imetunzwa na watu wa maji wa hapa hapa. Hicho ndo kilichoonwa. Halafu angalia walichosema kutokana nacho, kwamba maji ya chini hayajazwi na kila masika, yanashuka taratibu mwaka hadi mwaka halafu yanapanda ghafla kwenye misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, na mvua hizo zinaendana na El Niño na hali ya joto la Bahari ya Hindi, kama ule msimu wa 1997 na 1998. Kwa hiyo wewe unayeandika ripoti ya kisima cha kijiji ukapima kina cha maji mwaka mmoja baada ya mvua kubwa, ukawaambia wananchi maji yapo kibao, hii makala inakuambia namba yako ni ya kilele cha juu na miaka inayofuata itashuka. Unaweza kubishana na maelezo yao ya El Niño ukitaka, lakini ile rekodi ya miaka 55 huwezi kuipita. Na swali la kujiuliza kabla ya kuihamishia Chemba au Manyoni ni kama mwamba ni ule ule na kama kuna bonde la mipasuko kama la Makutupora, na hilo linakurudisha kwenye shiti.

Kwenye makala za umri wa miamba kuna mambo ya kuwa nayo makini. Ukikuta umri uliopimwa kwa rubidi na strontiamu au potasi na agoni uliochapishwa kabla ya 1977 ujue viwango vya kasi ya kuoza kwa elementi hizo zenye mionzi vilisawazishwa kimataifa mwaka huo, namba inatakiwa ipigwe upya kabla hujailinganisha na za sasa. Na mbinu hizo mbili zinaathirika na joto la baadaye, kwa hiyo upande wa mashariki ambako mwamba ulipikwa tena umri unaosoma unaweza kuwa wa kupikwa, kuzaliwa kwake kukawa nyuma zaidi. Siku hizi watu wanapima zirkoni kwa urani na risasi, ni imara zaidi. Mwaka 2016 jarida la Precambrian Research lilitoa kazi ya Thomas na wenzake ya umri wa miamba ya katikati ya kreitoni yetu na mikanda ya kusini na mashariki yake, na kazi za aina hiyo ndo zinazotulazimisha kupanga upya yale majina ya 1956, maana eneo lililopakwa rangi moja na kupewa jina moja kumbe ndani lina miamba ya umri tofauti. Lakini ona, wanaofanya hizo kazi huwa wanaanza na zile zile shiti za zamani kujua wakachukue sampuli wapi. Ukisoma makala kama hiyo nenda moja kwa moja kwenye jedwali la sampuli, chukua koordineti, ziweke Google Earth, uone ya karibu na kwako iko umbali gani. Kama sampuli ya karibu iko kilomita 60 andika hivyo kwenye ripoti yako, usiandike tu "mwamba wa eneo hili una miaka bilioni kadhaa" kana kwamba umepimwa kijijini hapo.

Chati ya nyakati za kijiolojia ya kimataifa inapatikana bure na inafanyiwa marekebisho mara kwa mara, daunlodi mpya na uangalie tarehe iliyo kwenye chati yenyewe. Vitabu vingi bado vinaweka mwanzo wa Kambria miaka milioni 541, sasa hivi ni 538.8.

Ndugu zangu wa vito, nyie mna hazina ambayo hailipiwi hata senti. Gems & Gemology, jarida la GIA, taasisi ya vito ya Marekani, linalotoka tangu 1934, lote liko wazi mtandaoni. Toleo la mwisho wa 2008 lina makala ndefu kabisa ya rubi na safaya za Winza, wilaya ya Mpwapwa, iliandikwa muda mfupi baada ya watu kumiminika kule kuchimba, ina picha za maduara, mwamba uliobeba mawe, na picha za ndani ya jiwe kwa hadubini. Ile alama ya sindano ndefu zilizopinda ndani ya rubi za Winza imeonyeshwa vizuri kwa picha. Dalali akikwambia jiwe lako silo la Winza, au ukiuziwa jiwe la kwingine kwa jina la Winza, unachukua lenzi ya mara kumi na unajua unaangalia nini. Hata kama Kiingereza kinasumbua, picha na maandishi ya chini ya picha vinatosha kuanzia. Kwa sifa za madini, ugumu, uzito, rangi ya unga, kuna Handbook of Mineralogy ambayo kurasa zake ziko bure, aina moja ya madini ukurasa mmoja, na kuna tovuti ya Mindat kwa ajili ya kujua madini fulani yameripotiwa wapi. Mindat inajazwa na watu wengi, kwa hiyo ukiona imeandika madini fulani yapo Haneti teremka mpaka chini uone rejeo, kama lipo lifuate, kama halipo yaweke madini hayo kwenye daftari kwa alama ya kuuliza. Krisopresi ya kijani ya Haneti inajulikana dunia nzima na ina maandishi ya kutosha.

Chanzo kingine ambacho wanafunzi hawakigusi ni ripoti za kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa. Kampuni ya Canada inalazimika kuweka wazi ripoti ya kiufundi kwa kanuni za NI 43-101, zilikuja 2001 baada ya ile kashfa ya dhahabu ya Bre-X ya 1997, na unazipata kwenye mfumo wao wa SEDAR+. Za Australia zinafuata kanuni zao za JORC na ziko kwenye tovuti ya soko la hisa la huko. Wakati watu wanatafuta urani Bahi na Manyoni miaka ya 2000 matokeo mengi ya mashimo yalitoka kwa njia hiyo, kina, koordineti, mwamba uliokutwa kila mita. Soma jedwali la mashimo kwa makini, soma sura ya jiolojia ya eneo, lakini sura ya matarajio soma ukijua imeandikwa kwa mtu mwenye pesa anayetakiwa kununua hisa. Na angalia walichoacha kutaja, shimo lililotoka kavu mara nyingi linapewa mstari mmoja.

Kwa mambo ya udongo na mmomonyoko huku kwetu kumeandikwa vizuri kuliko sehemu nyingi za Afrika. Tafuta kazi za Rapp, Berry na Temple za 1972 na ya Christiansson ya 1981, wamepima mabwawa ya Ikowa, Matumbulu na Msalatu yanavyojaa mchanga, na kwa Kondoa kuna maandishi mengi ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tangu uanze 1973. Mtu yeyote anayetaka kuchimba lambo Chamwino bila kusoma hizo anajitafutia hasara ya bure. Kwa matetemeko, katalogi ya USGS, watu wa jiolojia wa Marekani, iko wazi, unaweka duara la kilomita unazotaka kuzunguka Dodoma na miaka unayotaka inakupa orodha yote, likiwemo lile la Novemba 2002. Kwa maji ya chini nchi nzima kuna Africa Groundwater Atlas ya watu wa jiolojia wa Uingereza, ukurasa wa Tanzania uko wazi.

Kutunza sasa, maana bando na muda umeshatumia. Faili usiache na jina lile la namba namba lililokuja nalo, ipe mwaka, mwandishi na mahali, mfano 1938_WadeOates_Dodoma. Zotero ni programu ya bure inakutunzia marejeo yote na inakuandikia orodha yenyewe. Kwa kila andiko fungua ukurasa wa daftari uandike mistari mitatu tu, aliona nini na wapi, alifikiri nini, na alitumia ramani na datamu gani. Ukiwa unaandika ripoti yako mwenyewe fanya hivyo hivyo, tenganisha sura ya ulichokiona na sura ya unachofikiri, na usirejelee kitu ambacho hujakifungua. Kama ulimsoma Wade na Oates kupitia makala ya mtu mwingine sema ulimsoma kupitia huyo mtu.

Na ripoti ikikamilika usiiache kwenye flashi. Tasnifu hakikisha imeingia kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, na kama kazi yako imepima milalo mipya au imekuta mwamba ambao haupo kwenye shiti chapa nakala moja upeleke maktaba ya GST, weka koordineti za kila kituo, andika zoni, andika datamu, andika na tarehe uliyopima.